Butembo na Beni: kazi ni ya mbali, gharama ni za nyumbani

Tangu Goma kuangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, kazi nyingi za Kivu ya Kaskazini zimebadilisha anwani. Serikali ya jimbo ilihamia Beni. Kule Goma mabanki yalifunga milango na uwanja wa ndege ukasimama. Mashirika yaliyokuwa na buro kubwa mjini humo yakalazimika kupanga kazi upya: shefu yuko Kinshasa ao Nairobi, komptable yuko mji mwingine, na yule anayeandika ripoti yuko Butembo ao Beni, ordinatere juu ya meza ya kula, watoto wakicheza pembeni.

Wako pia wale ambao hawajawahi kuwa na buro. Kuna vijana waliosoma informatike wanaotengeneza tovuti za watu wa Ulaya na Kanada. Kuna waliomaliza UCBC ya Beni, chuo kinachofundisha kwa Kifaransa na Kiingereza, wanaotafsiri maandishi ya wageni. Na kuna wale wanaolipwa kwa kila picha wanayoiwekea alama kwenye intaneti, bila kujua picha hizo zinakwenda kufanya nini.

Wote hawa ni wafanyakazi wa mbali. Na wengi wao, wakipewa kazi, wanauliza swali moja tu: ni dola ngapi kwa mwezi? Wakishajibiwa, wanasema aksanti na kuanza.

Hilo linashangaza kidogo katika mji wa biashara kama Butembo. Mfanyabiashara anayeleta vitu kutoka Dubai ao Guangzhou hatamki bei kabla ya kuhesabu gari, duane ya Kasindi, depo na mlinzi wa usiku. Anajua kama bei aliyonunulia si bei ya kuuzia. Lakini mtoto wake huyohuyo, akiuza kazi yake kwa mtu wa mbali, anakubali bei bila kuhesabu kitu. Mwisho wa mwezi anashangaa: mshahara ulionekana mkubwa, mbona mfuko ni mtupu?

Nani analipa buro?

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, mashirika yalijaa Beni, Mangina na Butembo. Yalikodi nyumba, yalikodi magari, yalinunua jenereta, yalifunga intaneti. Mwenye nyumba alilipwa, mwenye gari alilipwa, mwenye kuuza mazutu alilipwa. Mfanyakazi alifika asubuhi, akachomeka ordinatere ya shirika kwenye umeme wa shirika, jioni akarudi kwake.

Leo nyumba ya mfanyakazi ndiyo buro, na hakuna anayemlipa kodi. Umeme ni wake. Mega ni zake. Rezo ikikatika, yeye ndiye anapanda moto kwenda kutafuta mahali inapopatikana. Ordinatere ikiharibika, yeye ndiye anaipeleka kwa fundi. Mlinzi wa ordinatere hiyo usiku ni yeye mwenyewe. Gharama zote ambazo zamani zilikuwa kwenye bajeti ya shirika, katika mstari wa buro, zimehama kimyakimya na kuingia jikoni kwake.

Chukua mfano. Ni hesabu ya kufikiria tu, kila mtu ataweka namba zake. Kazi inalipa dola 300 kwa mwezi, na hakuna kingine kilichosemwa. Mega za kazi zinakula dola 30. Umeme, pamoja na kuchaji kwa jirani mwenye pano siku ambazo umeme haupo, dola 20. Kupokea pesa na kuitoa kwa ajenti, dola 10. Ordinatere ya dola 480 itakayodumu miaka 4 inamaliza dola 10 kila mwezi, hata kama mwenyewe haoni. Kukaa siber siku rezo ya nyumbani imekufa, na moto ya kwenda huko, dola 10. Dawa na hospitali ya familia, dola 20. Jumla ni dola 100. Mshahara wa kweli si dola 300, ni dola 200.

Weka saa ndani yake. Kodi ya kazi ya Kongo inasema muda wa kazi hauwezi kupita saa 45 kwa juma, nazo ni karibu saa 195 kwa mwezi. Dola 200 kugawanya kwa saa 195 ni dola moja na kidogo tu kwa saa.

Sasa linganisha na mtoa kazi mwingine anayetoa dola 260, lakini analipa mega, umeme, ada za kutuma pesa, ordinatere na matunzo ya hospitali. Kwenye karatasi, 260 ni ndogo kuliko 300. Nyumbani, ni kubwa kwa karibu dola 50. Ndiyo maana anayejadili mshahara peke yake, bila kujadili nani analipa nini, anajadili nusu ya bei.

Sheria inafuata mahali pa kazi

Wafanyakazi wengi wa mbali wanadhani kama mkataba ukitoka Nairobi, Brussels ao Toronto, basi sheria ya Kongo haiwahusu. Si kweli. Kodi ya kazi ni sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, iliyorekebishwa Julai 2016. Kifungu chake cha kwanza kinasema inahusu wafanyakazi wote na waajiri wote wanaofanya shughuli zao katika nchi, bila kujali uraia wao, kiasi cha mshahara, wala mahali mkataba uliposainiwa, mradi kazi inafanyika Kongo. Aliyekaa Butembo na kufanya kazi Butembo, kazi yake inafanyika Kongo, hata kama kila sauti anayoisikia kwenye simu inatoka ng'ambo.

Kodi hiyo haikuandikwa juu ya kazi ya kwenye intaneti. Mwaka wa 2002 watu wa Beni na Butembo walikuwa bado katika utawala wa waasi, na simu ya mkononi ilikuwa kitu cha wachache. Lakini misingi yake inatosha kumpa mfanyakazi wa mbali pa kusimama. Mkataba unapaswa kuandikwa. Kama haukuandikwa, kazi haipotei: mfanyakazi anaweza kuthibitisha mkataba wake kwa njia nyingine, na unachukuliwa kuwa wa muda usio na mwisho. Mshahara unalipwa kwa vipindi visivyopita mwezi mmoja. Mfanyakazi ana haki ya kupata karatasi inayoonyesha jinsi mshahara wake ulivyohesabiwa. Mwajiri ana wajibu juu ya matunzo ya mfanyakazi na familia yake wakati wa ugonjwa.

Kuna pia CNSS, ile iliyochukua nafasi ya INSS. Mchango ni asilimia 18 ya mshahara: mfanyakazi anakatwa 5, mwajiri anaongeza 13. Ndani ya sehemu ya mwajiri kuna asilimia 1,5 ya ajali za kazini na magonjwa ya kazi. Namba hiyo ni ndogo, lakini kwa mtu anayetumwa na shefu wa mbali kwenda kukusanya habari kwenye barabara ya Mbau-Kamango ao Beni-Kasindi, ndiyo tofauti kati ya familia inayosaidiwa na familia inayobaki kuchangisha. Kwa mashirika ya misaada, kazi ya mbali mara nyingi maana yake ni kwamba mkubwa ndiye yuko mbali. Mtoto wa hapa ndiye yuko barabarani. Hatari imehamia kwake kama vile gharama zilivyohama.

Tangu Machi 2023 kuna pia Kodi ya numérique, inayotambua maandishi na saini za kielektronike. Kwa hiyo barua pepe yenye masharti ya kazi, ao ujumbe ambao shefu ameandika kwa mkono wake kwamba atalipa mega, una uzito. Si wa kufuta ili kupata nafasi kwenye simu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari ni hiyo barua pepe.

Mtego wa neno konsulta

Mikataba mingi ya mbali haimwiti mtu mfanyakazi. Inamwita konsulta, mtoa huduma ao mshirika. Neno ni tamu, linapendeza kwenye CV. Lakini kazi yake ni kuondoa mzigo kwa mwajiri: hakuna CNSS, hakuna congé, hakuna hospitali, hakuna taarifa kabla ya kusimamishwa.

Kwa mtu anayefanya kazi na wateja watatu ao wanne, anayepanga saa zake na kutaja bei yake, jina hilo ni sawa. Yeye ni kama fundi mwenye atelye: anauza kazi iliyokamilika. Lakini yule anayeamriwa kuingia saa mbili asubuhi, anayeomba ruhusa ya kwenda kwenye matanga, anayepewa ripoti za kujaza kila siku na shefu mmoja tu, huyo kodi inamtambua kwa namna nyingine. Inasema mkataba wa kazi upo pale mtu anapofanya kazi chini ya uongozi na mamlaka ya mwingine, ya moja kwa moja ao isiyo ya moja kwa moja, ili alipwe. Mamlaka yanayopita kwenye WhatsApp bado ni mamlaka.

Kama mtu anakubali kuitwa konsulta, basi bei nayo iwe ya konsulta. Atoe kwanza gharama za buro, atoe pesa ya ugonjwa, atoe akiba ya uzee, atoe miezi ambayo hakutakuwa na kazi. Kitakachobaki ndicho mshahara. Kukubali jina la konsulta kwa bei ya mfanyakazi ni kupoteza pande zote mbili.

Nairobi inafundisha nini

Jirani walitangulia kuingia katika mambo haya. Mnamo Januari 2023 gazeti la Time la Marekani liliandika kwamba vijana wa Nairobi waliokuwa wakisafisha maandishi ya programu za OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, walikuwa wakilipwa kati ya dola 1,32 na 2 kwa saa. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kama mfano wa mshahara mdogo. Rudi sasa kwenye ile hesabu ya Butembo: dola moja na kidogo kwa saa.

Mei 2022 Daniel Motaung, kijana wa Afrika ya Kusini aliyekuwa akichuja picha na video za Facebook pale Nairobi, alizishitaki Meta na Sama. Mwaka uliofuata zaidi ya wenzake 180 walifungua kesi nyingine juu ya kufukuzwa kazi. Meta ilijibu kwamba haina makao wala haifanyi biashara Kenya, hivyo mahakama ya Kenya haina mamlaka juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilikataa hoja hiyo na kusema Meta inaweza kushitakiwa Kenya. Wazo ni lilelile la kifungu cha kwanza cha kodi ya Kongo: tazama kazi inafanyika wapi, si karatasi ilisainiwa wapi.

Lakini Nairobi inafundisha pia upande mchungu. Machi 2024 Remotasks, tovuti ya kazi ndogondogo za intaneti, ilifunga mlango kwa watu wa Kenya kwa ghafla. Walioitegemea kila siku waliamka wakakuta hawawezi kuingia. Kwa hiyo haki iko, lakini mahakama inachukua miaka, na tovuti inafungwa kwa usiku mmoja. Mtu wa Butembo anayefanya kazi na mtoa kazi asiye na anwani Kongo ajue hivyo: inspekta wa kazi anaweza kumwita mwajiri mwenye buro Beni, Butembo ao Kinshasa. Yule aliye na jina la kampuni tu kwenye skrini, atamwita wapi?

Kwa watoa kazi wa namna hiyo, ulinzi wa kweli hauko mahakamani. Uko kwenye namna ya kulipwa: sehemu kabla ya kuanza, malipo kila juma ao kila wiki mbili badala ya mwezi, na kusimamisha kazi mara malipo moja yakipita tarehe. Anayekubali kulipwa baada ya miezi mitatu na mtu asiyemfahamu amempa mkopo, si kazi.

Mambo ya kuweka mezani

Nje ya mshahara wenyewe, kuna mambo ambayo mfanyakazi wa mbali wa maeneo haya anapaswa kuyataja kabla ya kusaini.

La kwanza ni mega na umeme. Ni vyema viandikwe kama mstari wa pekee, si kuvichanganya na mshahara. Mega zikipanda bei, mstari huo unaweza kuongezwa bila kufungua tena mjadala wa mshahara. Tangu Mei 2025 Starlink imepewa leseni na ARPTC, baada ya kukatazwa mwaka uliotangulia, na wako watoa kazi wanaoweza kukubali kulipia kifaa kwa kikundi cha wafanyakazi wanne ao watano wanaokaa mtaa mmoja.

La pili ni pesa yenyewe. Sheria inataka mshahara utajwe kwa pesa halali ya nchi, lakini kwa mazoea mikataba mingi inahesabu kwa dola. Mwaka wa 2025 ulionyesha hatari yake. Dola iliyokuwa ikibadilishwa kwa karibu 2.800 FC ilishuka chini ya 2.500 FC katika muda mfupi. Kwa 2.800, dola 300 ni 840.000 FC. Kwa 2.400, ni 720.000 FC. Mtu hakupunguziwa mshahara, lakini 120.000 FC zimetoweka, na bei ya unga na mafuta sokoni haikushuka kwa mwendo uleule. Mkataba unaweza kusema mshahara utatazamwa upya kila miezi sita, ao kila mara kiwango cha kubadilisha kikipita kiasi fulani.

La tatu ni njia ya kulipa. Pesa inayotoka nje inakatwa kwenye banki ya kule, inakatwa kwenye banki ya hapa, na ikipita M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money inakatwa tena wakati wa kuitoa. Neno moja linatosha: mshahara ni ule unaofika mkononi, ada ni za anayetuma. Na kwa kuwa Kongo iliwekwa Oktoba 2022 kwenye orodha ya nchi zinazochunguzwa juu ya usafirishaji wa pesa chafu, banki za nje zinaweza kuuliza maswali mengi kabla ya kutuma. Barua ya mkataba inayoonyesha pesa inatoka kwa nani na ni ya kazi gani inasaidia isikwame.

La nne ni saa. Butembo iko mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Mkutano wa Kinshasa wa saa kumi na moja jioni unamkuta mtu wa Butembo saa kumi na mbili, giza likiingia. Toronto ni mbali zaidi: saa nane mchana kule ni saa mbili ao saa tatu usiku hapa, kufuatana na majira yao. Siku moja si neno. Kila siku ni kazi ya usiku, na kazi ya usiku ina bei yake.

La tano ni siku ambazo kazi haiwezekani. Maeneo haya yanazijua. Intaneti ilikatwa nchi nzima karibu majuma matatu baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Kuna ville morte, kuna siku risasi zinasikika, kuna siku familia inahama. Bila maandishi, mwajiri wa mbali ataona tu kwamba ripoti haikufika. Mkataba useme: siku ngapi za namna hiyo zinalipwa, mfanyakazi atatoa habari kwa njia gani, na akilazimika kukimbia, ordinatere ikipotea njiani, nani anailipa.

La sita ni mwisho wa kazi. Taarifa ya siku ngapi? Deni la mwisho litalipwa lini? Cheti cha kazi kitatoka kwa nani? Mambo haya yanaulizwa siku ya kwanza, wakati kila mtu bado anatabasamu.

Hoja za mwajiri, na majibu yake

Watoa kazi nao wana maneno yao, na si yote ya uongo. Januari 2025 rais Donald Trump alisimamisha misaada ya Marekani ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa kama shirika linalojitegemea. Bajeti zilikatwa kweli. Watu wengi wenye uzoefu walibaki bila kazi, na anayeajiri anajua kwamba nyuma ya mmoja anayekataa kuna kumi wanaongoja. Mwenye njaa hana nguvu ya kupatana bei.

Hoja nyingine ni ya mahali. Mwajiri anasema: maisha ya Butembo ni rahisi kuliko ya Nairobi, kwa hiyo mshahara uwe wa Butembo. Hoja hii haiko Kongo tu. Mwaka wa 2021 Google iliwaambia wafanyakazi wake wa Marekani kwamba wakihamia kufanya kazi nyumbani moja kwa moja, mshahara unaweza kubadilika kufuatana na mahali wanapokaa.

Jibu lake si kukasirika. Ni kuonyesha hesabu. Kodi ya nyumba inaweza kuwa chini Butembo, lakini umeme wa uhakika, intaneti nzuri na usalama ni ghali kuliko katika mji mkubwa, na ndivyo vitu ambavyo kazi ya mbali inavila. Kodi ya kazi nayo inasema, kwa kazi sawa, ujuzi sawa na matokeo sawa, mshahara uwe sawa, bila kujali asili ya mtu, ikiwa mwajiri ni mmoja na wote wanafanya kazi Kongo. Aliyeajiriwa Beni kwa kazi ileile ya mwenzake wa Kinshasa ana haki ya kuuliza tofauti inatoka wapi.

Na hata asiye na nguvu ya kuongeza mshahara anaweza kupata vitu ambavyo ni vya bei ndogo kwa mwajiri na vya thamani kubwa kwake: malipo kila wiki mbili, ada za kutuma, ordinatere itakayobaki kwake baada ya mwaka, masomo ya intaneti yanayotoa cheti, barua ya kumsifu kazi ikiisha. Bajeti ya mishahara ikifungwa, mara nyingi mstari wa vifaa ao wa mafunzo bado uko wazi.

Kazi inapotoka kwa ndugu

Kuna jambo moja ambalo vitabu vya kujadili mishahara havisemi. Kazi nyingi za mbali hazitoki kwa kampuni. Zinatoka kwa yaya aliye Ubelgiji, kwa baba mdogo aliye Kanada, kwa mtu wa kanisa aliyefungua biashara ndogo na kutafuta kijana wa kumsaidia vitabu vya hesabu ao ukurasa wake wa Facebook. Pesa inafika kama msaada, leo 50, mwezi ujao 80, mwezi wa tatu kimya. Kijana anaona haya kuuliza, kwa sababu ni huyohuyo aliyelipa masomo ya mdogo wake.

Hapa lugha ndiyo inafungua mlango. Kumwambia mkubwa wako unataka mkataba kunaweza kuonekana kama kumshitaki. Kumwambia unataka kufanya kazi yake vizuri ni jambo jingine. Kwa mfano: «Yaya, aksanti sana juu ya kunifikiria. Ili nisikuangushe mbele ya wateja wako, ninaomba tupange: kazi ni saa ngapi kwa juma, mega nizinunue kwa pesa gani, na tarehe gani nitegemee. Ukinijibu kwa maandishi nitajipanga vizuri.» Hakuna heshima iliyovunjika, na kuanzia siku hiyo kazi ina umbo.

Kwa mwajiri asiye ndugu, maneno yanaweza kuwa mafupi zaidi, lakini mpangilio ni uleule: kwanza kuonyesha nia ya kazi, kisha hesabu, kisha ombi moja ao mawili yaliyo wazi. Wakati mzuri ni kati ya siku ofa inapofika na siku ya kusaini. Wakati mwingine mzuri ni baada ya kumaliza kazi ngumu vizuri, kabla ya mkataba kurudishwa upya. Wakati mbaya ni katikati ya mwezi, usiku, kwa ujumbe wa hasira baada ya rezo kukatika.

Mmoja mmoja ao pamoja

Kinachowadhoofisha zaidi wafanyakazi wa mbali ni kutojuana. Katika buro ya zamani watu walikula pamoja saa sita, na kila mtu alijua mwenzake analipwa nini. Leo watu watatu wanaweza kufanya kazi na mwajiri mmoja, mmoja Furu, mwingine Vulamba, wa tatu Beni, bila kuonana hata siku moja. Mmoja analipiwa mega, wawili hawajui kama zinaombwa. Nairobi wachujaji wa picha walianza kwa kukutana, na tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 kati yao walipiga kura kuunda sendika.

Butembo na Beni hazihitaji kuanza na kitu kikubwa namna hiyo. Wafanyakazi wa mwajiri mmoja wanaweza kulinganisha masharti yao, kuandika barua moja badala ya tatu, na kupeleka mkataba kwa mtu anayeelewa sheria kabla ya kuusaini. Kwa mwajiri mwenye anwani nchini, mlango wa kwanza wa malalamiko ni Inspection du travail: kodi inataka ugomvi wa mfanyakazi na mwajiri upitie huko kwa mapatano kabla ya kufika mahakamani. Anayekwenda huko achukue mkataba, karatasi za malipo, ujumbe wa shefu na orodha ya saa alizofanya. Asiyekuwa na mkataba achukue hizo nyingine. Na asingoje miaka, kwa sababu madai ya mshahara yana muda wake.

Anayengojea jibu la ofa wiki hii ana kazi moja ya kufanya kabla ya kusema ndiyo: achukue karatasi, aandike mega, umeme, ada, ordinatere, siber na hospitali, aweke bei ya kila kimoja, ajumlishe, kisha atoe kwenye mshahara alioahidiwa. Namba itakayobaki ndiyo anayopewa. Ya juu ni ya buro.